Muhula Mmoja au Mwaka Mzima Granada: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Mabadilishano Kutoka Afrika Mashariki

Granada ni mji wa jimbo la Andalucía, kusini mwa Hispania, wenye wakazi wapatao 230,000, uliokaa chini ya milima ya Sierra Nevada. Chuo Kikuu cha Granada kilianzishwa mwaka 1531, na kwa miaka mingi kimekuwa miongoni mwa vyuo vinavyopokea wanafunzi wengi zaidi wa Erasmus, programu ya Umoja wa Ulaya ya kubadilishana wanafunzi. Kwa mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, jambo hilo lina faida na hasara zake. Faida ni kwamba ofisi za chuo zimezoea wageni, wenye nyumba wamezoea kupangisha kwa muhula mmoja, na gharama za maisha ziko chini kuliko za Madrid au Barcelona. Hasara ni kwamba wageni ni wengi kiasi kwamba mtu anaweza kumaliza miezi mitano akiishi na Wajerumani na Waitaliano, akizungumza Kiingereza asubuhi hadi jioni, kisha akarudi kwao na Kihispania cha kuagizia kahawa tu.

Mwongozo huu umekusudiwa mwanafunzi ambaye tayari amesajiliwa katika chuo cha Afrika Mashariki na anataka kusoma Granada kwa muda, halafu arudi kumalizia shahada yake nyumbani. Anayetaka kusomea shahada nzima huko hupitia njia nyingine, ambayo haijaelezwa hapa.

Hatua ya kwanza: amua muda

Waombaji wengi huanza kwa kuulizia viza, ilhali swali linalotangulia ni la muda, kwa sababu karibu kila hatua inayofuata hutegemea jibu lake. Taratibu za uhamiaji za Hispania zinaweka mpaka kwenye siku 180. Anayekaa ndani ya siku hizo hutumia viza yake tu tangu anapoingia hadi anapotoka. Anayezidisha hutakiwa kuambatisha cheti cha tabia njema na cheti cha daktari anapoomba viza, na akishafika ni lazima aombe kitambulisho cha mgeni polisi. Kwa hiyo tofauti kati ya muhula mmoja na mwaka mzima haiishii kwenye miezi. Ni tofauti ya nyaraka, ya fedha za kuonyesha ubalozini, na ya foleni.

Muhula wa kwanza huanza Septemba, vipindi hukoma karibu na Krismasi, mitihani hufanyika Januari na ya marudio mwanzoni mwa Februari. Muhula wa pili huanza Februari na kuendelea hadi mitihani ya Juni, na marudio yake huweza kufika Julai. Vyuo vingi vya Tanzania hufungua mwaka wa masomo mwishoni mwa Oktoba au mwezi Novemba, hivyo muhula wa kwanza wa Granada ndio unaooana zaidi na kalenda ya nyumbani. Aliyechagua muhula wa pili huhitajika Granada Februari wakati ambapo, mara nyingi, bado ana mitihani ya muhula wa kwanza chuoni kwake, na mgongano huo hautatuliwi kwa barua moja ya kuomba ruhusa. Kenya na Uganda kalenda hutofautiana kati ya chuo na chuo. Weka kalenda mbili sambamba, ya chuo chako na ya Granada, na uzisome wiki kwa wiki kabla hujajaza fomu yoyote.

Ushauri wangu ni kwamba mwenye Kihispania cha kutosha achukue muhula wa kwanza, na asiye nacho, ikiwa chuo chake kinamruhusu, achukue mwaka mzima. Miezi minne ya mwanzo huliwa na kuzoesha sikio, na anayeondoka Februari huondoka pale ambapo masomo yameanza kumwingia.

Hatua ya pili: pata nafasi kupitia chuo chako

Mwanafunzi wa mabadilishano hajiombei mwenyewe. Ni lazima pawepo makubaliano kati ya chuo chake na Chuo Kikuu cha Granada, na chuo chake ndicho humteua na kupeleka jina lake. Hatua yenyewe basi ni kwenda ofisi ya ushirikiano wa kimataifa ya chuo chako na kuuliza mambo matatu: kama makubaliano na Granada yapo, yanahusu fani zipi, na ni ya Erasmus+ au ni ya vyuo viwili peke yao. Tofauti hii ya mwisho ni kubwa. Katika aina zote mbili hulipi ada kule uendako, lakini Erasmus+ inayowahusu wanafunzi wa nje ya Ulaya hutoa posho ya kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi mwenyeji, pamoja na mchango wa nauli unaokokotolewa kwa umbali. Makubaliano ya kawaida ya vyuo viwili mara nyingi hayatoi chochote zaidi ya msamaha wa ada, na gharama nyingine zote hubaki kwako.

Chuo kikishakuteua, Granada hukutumia maelekezo ya kujaza maombi kwenye mtandao. Hapa jihadhari na majina. Fomu za Hispania huwa na nafasi ya jina la mtu na nafasi mbili za majina ya ukoo, kwa kuwa Wahispania hubeba jina la ukoo la baba na la mama. Mtu wa kwetu mwenye majina matatu huyagawa kadiri anavyoona, leo hivi na kesho vile, na miezi mitatu baadaye hugundua kwamba barua ya chuo, bima na viza zina majina yaliyopangwa tofauti. Fuata mpangilio wa pasipoti, hasa mistari miwili ya herufi kubwa iliyo chini ya ukurasa wa picha, na usiubadilishe popote. Kama cheti chako cha kuzaliwa au matokeo ya chuo yana tahajia tofauti na pasipoti, shughulikia marekebisho sasa, kwa kuwa ukingoja hadi siku ya ubalozini utakuwa umechelewa.

Hatua ya tatu: chagua masomo kwa makini kuliko unavyodhani inahitajika

Makubaliano ya masomo ni hati inayoorodhesha masomo utakayosoma Granada na yale ya chuo chako yatakayofidiwa nayo. Husainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo mwenyeji. Mwanafunzi asiye na hati hiyo iliyosainiwa kwa ukamilifu anasafiri kwa matumaini, na wapo wanaorudia muhula mzima nyumbani kwa sababu mkuu wa idara hakuwahi kukubali kwa maandishi.

Vyuo vya Ulaya hupima masomo kwa krediti za ECTS. Mwaka mzima ni krediti 60, muhula ni 30, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo saa za kujisomea. Masomo mengi Granada yana krediti 6, kwa hiyo mzigo kamili wa muhula ni masomo matano. Kwa asiyejiamini katika lugha, masomo manne yanatosha, ilimradi masharti ya ufadhili na ya chuo chake yanaruhusu.

Kila somo lina hati ya hadharani iitwayo *guía docente*, inayopatikana kwenye tovuti ya chuo, ambayo hueleza mada, vitabu, lugha ya kufundishia na namna alama zinavyogawanywa. Isome yote kabla ya kuandika somo kwenye makubaliano, na uiambatishe unapomwomba mkuu wa idara yako akubali, kwani hawezi kulinganisha masomo kwa kutazama majina yake tu. Angalia mambo mawili zaidi. La kwanza ni mahali: chuo kimetawanyika mjini. Fasihi, uchumi, elimu na saikolojia ziko kwenye kilima cha Cartuja. Sayansi ziko Fuentenueva. Tiba na sayansi za afya ziko kwenye eneo la PTS upande wa kusini. Sheria iko katikati ya mji. Masomo mawili ya vitivo tofauti yanayofuatana kwa dakika kumi na tano hayawezekani. La pili ni kwamba Chuo Kikuu cha Granada kina vitivo pia katika miji ya Ceuta na Melilla, ambayo iko ng'ambo ya bahari, kwenye bara la Afrika. Somo linaweza kuwa zuri kabisa, lakini likawa linafundishwa huko.

Usiichukulie orodha hii kuwa ya mwisho. Ukifika utakuta somo limejaa au ratiba zinagongana, na kuna kipindi mwanzoni mwa muhula cha kufanya mabadiliko. Nenda na masomo mawili ya akiba ambayo chuo chako kimekwisha kuyakubali.

Hatua ya nne: Kihispania kabla ya safari

Yapo masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, lakini ni machache na hayako katika kila fani. Ili kufuata mhadhara wa Kihispania bila kuzama, lenga kiwango cha B1 (cha kati) ukiwa nyumbani, na B2 (cha kati juu) kama unasoma sheria, fasihi au fani nyingine inayodai uandishi mrefu. Ukihitaji cheti kinachotambulika, mtihani wa DELE husimamiwa na Instituto Cervantes, na kuna pia SIELE, unaofanywa kwa kompyuta.

Msemaji wa Kiswahili ana mwanzo mzuri: irabu za Kihispania ni tano na hutamkwa karibu sawa na zetu, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Kinachochosha ni Granada yenyewe. Watu wa Andalucía humeza *s* ya mwisho wa neno na *d* iliyo katikati ya irabu, na husema kwa kasi. Aliyejifunza kwa kusikiliza redio ya Madrid peke yake atashangaa wiki nzima. Sikiliza redio na video za Andalucía angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Ukishafika, Centro de Lenguas Modernas, kituo cha lugha cha chuo kilichoko mtaa wa Realejo, kina kozi za viwango vyote. Ulizia kama wanafunzi wa mabadilishano hupunguziwa ada.

Hatua ya tano: viza

Viza inayohitajika kwa masomo yanayozidi siku 90 ni viza ya kitaifa ya masomo, ambayo ni tofauti na ile ya utalii ya Schengen. Usiingie Hispania na viza ya utalii ukitarajia kuigeuza ukiwa huko. Maombi hupelekwa kwenye ubalozi wa Hispania unaohudumia mahali unapoishi kihalali: Hispania ina balozi Dar es Salaam na Nairobi, na Mtanzania anayeishi Muscat, kwa mfano, huomba Muscat. Utaratibu unataka maombi yafike angalau miezi miwili kabla ya masomo kuanza. Kwa anayeanza Septemba, mimi ningekusanya nyaraka Aprili na Mei na kuomba miadi mara tu barua ya kukubaliwa inapofika, kwa sababu miadi yenyewe inaweza kuwa mbali.

Nyaraka za msingi ni fomu ya maombi, picha, pasipoti itakayodumu muda wote wa masomo, barua ya kukubaliwa na Chuo Kikuu cha Granada inayotaja tarehe za kuanza na kumaliza, uthibitisho wa fedha, bima ya afya na ada ya viza. Barua ya chuo isome neno kwa neno: ikisema masomo yanaisha Januari 31 huku mitihani ya marudio ikiwa Februari, omba irekebishwe, kwa kuwa tarehe za viza hufuata tarehe za barua.

Uthibitisho wa fedha hupimwa kwa kipimo cha serikali ya Hispania kiitwacho IPREM, ambacho tangu mwaka 2023 kimekuwa euro 600 kwa mwezi. Kwa miezi mitano ni euro 3,000, kwa miezi tisa ni euro 5,400. Aliye na ufadhili wa Erasmus+ huonyesha barua ya ufadhili inayotaja kiasi cha kila mwezi na muda wake. Anayedhaminiwa na mzazi huleta taarifa za benki za mzazi, barua ya udhamini na uthibitisho wa undugu. Fedha zilizoingizwa zote kwenye akaunti wiki moja kabla ya miadi huleta maswali. Bora akaunti ionyeshe mwenendo wa miezi kadhaa.

Bima ndiyo inayowaangusha wengi. Ubalozi hutaka bima kutoka kampuni iliyoruhusiwa kufanya kazi Hispania, inayogharimia matibabu yote bila mgonjwa kuchangia, na inayodumu kipindi chote cha masomo. Bima ya kawaida ya wasafiri, hata ikiwa ghali, mara nyingi haitimizi masharti hayo. Nunua baada ya kuthibitisha masharti na ubalozi, na uombe kampuni ikupe cheti kwa Kihispania kinachotamka wazi kwamba hakuna uchangiaji.

Kwa anayekaa zaidi ya siku 180 huongezeka vyeti viwili. Cha kwanza ni cha daktari, kinachothibitisha kwamba huna magonjwa yanayoweza kuathiri afya ya umma kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005. Maneno hayo ni lazima yaonekane, kwa hiyo mpelekee daktari mfano ulioandikwa badala ya kumwachia abuni. Cha pili ni cheti cha tabia njema, kinachotolewa na polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole, na nchini Kenya huombwa kupitia eCitizen. Kama umeishi nchi nyingine katika miaka mitano iliyopita, huenda ukatakiwa uwe na cheti cha huko pia.

Cheti hicho cha polisi hakitoshi kikiwa peke yake. Kwa nyaraka za Tanzania na Kenya, njia ni ya mihuri: Wizara ya Mambo ya Nje huthibitisha sahihi iliyoko kwenye cheti, kisha ubalozi wa Hispania huthibitisha sahihi ya Wizara. Burundi na Rwanda zimejiunga na Mkataba wa Apostille wa mwaka 1961, ambao kwa kawaida huufupisha mlolongo huo kuwa muhuri mmoja. Baada ya hapo huja tafsiri ya Kihispania, na ni lazima ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa na kutambuliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Hispania. Wengi wao hufanya kazi kwa njia ya mtandao. Tanguliza mihuri, kisha tafsiri, ili nayo mihuri itafsiriwe. Anayeanza na tafsiri hulipa mara mbili.

Hatua ya sita: fedha za mwezi wa kwanza

Chumba katika nyumba ya kushirikiana Granada hupatikana kwa takriban euro 250 hadi 400 kwa mwezi. Ongeza umeme, maji, gesi na intaneti, chakula cha kupika mwenyewe, usafiri na simu, na mwanafunzi mwangalifu hutumia kati ya euro 600 na 750. Kwa hiyo posho ya Erasmus+ inatosha, ila haifiki siku unayofika. Mara nyingi hulipwa baada ya kukamilisha usajili na kuwasilisha akaunti ya benki, na katika wiki hizo mwenye nyumba atakuwa anataka kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana ya mwezi mmoja. Mtu aondoke nyumbani na euro 1,200 hadi 1,500 anazoweza kuzifikia kwa kadi ya benki ya Visa au Mastercard, akiwa amekwisha kuiarifu benki yake kwamba kadi itatumika Hispania. Chuo chako kikikataa kutanguliza fedha, na familia haina akiba hiyo, hilo lijadiliwe na ofisi ya ushirikiano mwezi Mei, si Agosti.

Fedha za simu za kwetu hazitakusaidia kulipia chochote huko. Wahispania wana Bizum, ambayo kwa matumizi ya kila siku hufanya kazi ya M-Pesa: wenzako wa nyumbani watakutumia bili ya umeme na kukuambia uwarudishie kwa Bizum. Huduma hiyo hufanya kazi kwa mwenye akaunti ya benki ya Hispania, na hii ni sababu tosha ya kufungua akaunti mapema.

Hatua ya saba: safari na nyumba

Kutoka Dar es Salaam au Nairobi, safari nyingi hupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul hadi Madrid au Málaga. Málaga ndiyo rahisi zaidi, kwa kuwa mabasi ya kwenda Granada hutumia takriban saa mbili. Kutoka Madrid kuna treni ya mwendo kasi, ambayo ilifika Granada mwaka 2019, na mabasi ya bei nafuu yanayochukua kama saa tano. Beba nyaraka zote za viza kwenye mkoba wa mkononi, kwani askari wa uhamiaji anaweza kukuuliza barua ya chuo, mahali pa kulala na fedha ulizonazo.

Usilipie chumba ukiwa nyumbani. Kuna matapeli wanaoishi kwa kuwaibia wanafunzi wa kigeni kwa picha nzuri za vyumba visivyokuwepo, na dalili zao zinajulikana: bei iko chini ya soko, mwenye nyumba yuko nchi nyingine, na funguo zitatumwa kwa posta ukishalipa dhamana. Agiza hosteli au chumba cha muda kwa siku saba hadi kumi, fika mwanzoni mwa Septemba kabla ya umati, kisha tembea ukaone kwa macho. Anayehitaji uhakika tangu mwanzo, au ambaye wazazi wake hawatalala wasipojua anwani, atafute mabweni ya chuo au ya binafsi, ambayo ni ghali zaidi lakini hutoa pia hati safi ya makazi ya kupeleka ubalozini.

Chagua mtaa kwa kufuata kitivo chako. Zaidín ni karibu na vitivo vya afya, na nyumba zake ni za bei nafuu. Camino de Ronda na barabara ya Pedro Antonio de Alarcón zimejaa wanafunzi na ziko karibu na Fuentenueva, ingawa kelele za usiku ni sehemu ya kodi. Eneo la Plaza de Toros huwafaa wanaopanda Cartuja. Albaicín, mtaa wa kale unaotazamana na Alhambra, kasri na ngome ya kale ya mji huo, unavutia kila mgeni, lakini nyumba zake nyingi ni baridi na sanduku la nguo hupandishwa kwa mikono kwenye vichochoro vya mawe.

Unapoona chumba, uliza mambo ambayo mtu wa pwani hafikirii kuuliza: nyumba hupashwa joto kwa kutumia nini, na nani hulipa? Granada iko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari joto hushuka hadi karibu na sifuri, wakati mwingine chini yake. Nyumba nyingi zina sakafu ya vigae na hita ya umeme moja tu, na bili ya majira ya baridi inaweza kuvuruga bajeti yote. Baadhi hutumia mitungi ya gesi kwa maji ya moto na kupikia. Jua mapema ni zamu ya nani kuagiza. Chumba kinachopata jua la mchana kina thamani ya euro 30 zaidi. Sisitiza mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, na siku ya kuingia piga picha kila ukuta, godoro na kifaa, uzitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo, maana dhamana hugombewa mwishoni.

Hatua ya nane: ofisi za wiki za kwanza

Anza na chuo: thibitisha kufika kwako katika ofisi ya uhusiano wa kimataifa, upate cheti cha kuwasili ambacho mfadhili wako atakitaka, kamilisha usajili wa masomo kwenye kitivo, na upate namba ya kuingilia kwenye mitandao ya chuo, ukiwemo PRADO, ambako walimu huweka maandiko na kazi.

Kisha nenda manispaa ukajiandikishe kama mkazi, hatua iitwayo *empadronamiento*. Utahitaji pasipoti na mkataba wa nyumba, au idhini ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba anayekataza wapangaji wasijiandikishe huwa ana sababu zake, na ni bora uzijue kabla ya kulipa dhamana.

Anayekaa zaidi ya siku 180 ana mwezi mmoja tangu kuingia Hispania kuomba kitambulisho cha mgeni kiitwacho TIE. Miadi huombwa kwenye mtandao, na miadi hiyo ni adimu Septemba na Oktoba, hivyo anza kuitafuta siku ya kwanza, ikiwezekana asubuhi mapema, na hifadhi picha za skrini za kila jaribio kama uthibitisho kwamba hukuzembea. Hupelekwa fomu EX-17, risiti ya malipo ya fomu 790 namba 012, picha, pasipoti, barua ya chuo na hati ya makazi. Siku hiyo huchukuliwa alama za vidole, na kadi hufuatwa wiki kadhaa baadaye. Ukilazimika kutoka nchini kabla kadi haijatoka na viza imekwisha, omba kwanza idhini ya kurejea.

Darasani

Kila somo huwa na vipindi vya nadharia vya kundi kubwa na vya vitendo vya makundi madogo. Kuhudhuria vya vitendo huhesabiwa, na kazi ndogondogo za muhula hubeba sehemu ya alama. Anayengoja mtihani wa mwisho, kama wengi tulivyozoeshwa, huanza akiwa amepoteza. Mwenye sababu ya msingi huweza kuomba apimwe kwa mtihani mmoja wa mwisho, lakini maombi hayo hupelekwa ndani ya wiki mbili za mwanzo wa somo.

Walimu huitwa kwa majina yao ya kwanza. Kwa mwanafunzi aliyelelewa kwa shikamoo hili huchukua muda, na hakuna ubaya kuendelea kutumia *usted*, yaani "wewe" ya heshima, hadi mwalimu mwenyewe akikuambia uache. Kila mwalimu hutangaza saa zake za kuwaona wanafunzi. Zitumie wiki ya pili, ujitambulishe na kueleza kiwango chako cha lugha, na uulize kama unaweza kuleta kamusi kwenye mtihani. Wengi hukubali wakiulizwa mapema.

Chakula, ibada na polisi

Chakula cha mchana huliwa kati ya saa nane na saa tisa, cha usiku baada ya saa tatu, na maduka madogo hufungwa kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Mabwalo ya chuo hutoa mlo kamili kwa bei ambayo mgahawa hauwezi kuifikia. Mjini, karibu kila kinywaji unachoagiza, hata soda, huja na sahani ndogo ya chakula bila malipo ya ziada, na sahani hiyo mara nyingi ina nguruwe. Mwislamu aseme *sin cerdo* (bila nguruwe) anapoagiza, wala si sahani ikishafika. Msikiti Mkuu wa Granada, uliofunguliwa mwaka 2003, uko Albaicín kando ya uwanja wa San Nicolás, na maduka ya nyama halali, mengi yakiwa ya Wamoroko, yapo mjini.

Sheria humtaka mgeni abebe kitambulisho. Mwanafunzi mweusi asishangae akiombwa nyaraka barabarani ilhali wenzake wa Ulaya hawaombwi. Hutokea, na haipendezi. Tembea na kadi ya TIE, au nakala ya pasipoti na viza pamoja na kitambulisho cha chuo, jibu kwa utulivu, na likijirudia toa taarifa kwenye ofisi ya chuo. Namba ya dharura ya aina yoyote ni 112.

Kabla ya kurudi

Usinunue tiketi ya kurudi kabla ya kuona tarehe za mitihani ya marudio, na viza yako iwe inazifikia. Alama za Hispania ni za 0 hadi 10: 5 ni kufaulu, 7 ni vizuri, 9 ni bora sana, na heshima ya juu, *Matrícula de Honor*, haiwezi kutolewa kwa zaidi ya asilimia 5 ya darasa. Alama ya 7 ikigeuzwa kimakosa kuwa asilimia 70, mwanafunzi wa chuo ambako A huanzia 70 hupata zaidi ya haki yake, na wa chuo ambako A huanzia 80 hupunjwa. Kwa sababu hiyo, jedwali la kubadilishia alama liombwe chuoni kwako kabla ya safari, likiwa na sahihi, na liambatishwe kwenye makubaliano ya masomo.

Wiki ya mwisho chukua cheti cha muda uliokaa, chenye tarehe na muhuri, kwa kuwa malipo ya mwisho ya ufadhili huhesabiwa kwa tarehe hizo. Omba taarifa rasmi ya matokeo itumwe na Granada moja kwa moja kwa ofisi ya chuo chako, na ubaki na nakala. Ikiwa ulifanya mtihani wa marudio, taarifa hiyo itachelewa wiki kadhaa baada ya wewe kufika nyumbani. Mwarifu msajili wa chuo chako mapema, kwa maandishi, ili jina lako lisisomeke kwenye orodha ya wasio na matokeo.